Jinsi ya Kufuga Treni ya Mchongoko Nyumbani

Watu hufuga kuku, njiwa, hata samaki wa rangi rangi ndani ya sanduku la kioo, na hakuna anayewashangaa. Mimi nafuga treni. Nazungumzia zile treni za abiria za Marekani za miaka ya 1930 hadi 1950, zilizochongwa pua na kulainishwa mbavu ili zipasue upepo, kisha zikapambwa kama bibi harusi. Kwa miaka mingi nilikosa neno zuri la kuziita kwa Kiswahili. Ndipo Tanzania ikapata treni yake ya umeme yenye pua kali, na mtaa, bila kusubiri kamati yoyote ya istilahi, ukaibatiza Mchongoko. Neno hilo nimelipora na sina mpango wa kulirudisha.

Mwongozo huu nauandika Chicago, mji ambao baridi ya Januari humfungia mtu ndani hadi ajitafutie kichaa cha kumtosha. Umekusudiwa kwa yeyote anayetaka kumiliki treni ndogo za aina hii akabaki na ndoa, akiba na mgongo usiouma. Mimi mwenyewe nimebaki na kimoja kati ya hivyo vitatu, kwa hiyo nazungumza kwa uzoefu.

Hatua ya kwanza: Chagua treni moja tu

Kanuni hii hakuna aliyewahi kuifuata, lakini si vibaya kuanza na kanuni.

Kisa chenyewe kinaanzia 1934. Uchumi ulikuwa umeanguka, mwenye senti zake alipanda gari lake mwenyewe, na kampuni za reli zilibaki kuvuta mabehewa mazito yenye abiria wa kuhesabika. Zikafanya kile afanyacho mtu aliyeachwa na mchumba: zikaenda saluni. Union Pacific ikatoka na M-10000, ya alumini, manjano na kahawia, ikazungushwa nchi nzima watu waishangae. Burlington ikajibu kwa Zephyr, iliyoundwa na kiwanda cha Budd kwa chuma kisichoshika kutu, ikiwa haina rangi, inang'aa tu kama sufuria ya mkwe anayesubiriwa. Tarehe 26 Mei 1934 Zephyr iliondoka Denver alfajiri ikaingia Chicago jioni: kilomita 1,633 kwa saa 13 na dakika 5, ikiwa imebeba wakubwa wa kampuni, waandishi wa habari na punda mmoja. Ndiyo, punda. Treni yenyewe ipo hadi leo, katika jumba la makumbusho hapa Chicago. M-10000 haikubahatika hivyo: mwaka 1942, wakati wa vita, ilikatwakatwa kwa ajili ya alumini yake.

Baada ya hapo kila kampuni ilitaka mchongoko wake, nawe utaitaka yote. Kuna Super Chief ya Santa Fe, nyekundu puani na fedha ubavuni, iliyowapeleka mastaa wa sinema kati ya Chicago na Los Angeles. Kuna 20th Century Limited ya New York hadi Chicago, ambayo mwaka 1938 Henry Dreyfuss aliibuni upya kuanzia kichwa cha mvuke hadi sahani za mezani, na abiria wake walitandikiwa zulia jekundu stesheni. Ukiwa mpenzi wa Uingereza kuna Mallard, kichwa cha mvuke kilichokimbia kilomita 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, na rekodi hiyo haijavunjwa na kichwa kingine cha mvuke.

Mimi nilianguka kwa California Zephyr. Ilisafiri kuanzia Machi 1949 hadi Machi 1970, ikitoka Chicago hadi Oakland, ng'ambo tu ya San Francisco, huku kampuni tatu zikipokezana kama wakimbiaji wa kijiti. Ilikuwa na mabehewa matano yenye kuba la kioo juu ya paa, na ratiba yake ilipangwa makusudi ili ipite kwenye milima ya Rocky mchana, abiria wafaidi. Kila behewa lilikuwa na jina, na kila jina lilianza na neno Silver. Jambo hilo niliona ni urembo tu. Kumbe ni mtego, kama utakavyoona.

Hatua ya pili: Pima chumba, kisha ukipuuze kipimo

Vipimo vya kukumaliza ni vingi, lakini vitatu vinatosha. N ni moja kwa 160, na reli zake zimeachana milimita 9. HO ni moja kwa 87, reli zimeachana milimita 16.5. O ya Kimarekani ni moja kwa 48, na huyo si mnyama wa kufugwa na mpangaji.

Sasa shika kalamu. Behewa la abiria la enzi zile lilikuwa na futi 85, karibu mita 26. Kwa HO linakuwa sentimita 30, sawa na rula ya mwanafunzi. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika, kwani rula ni kitu gani? Lakini California Zephyr iliyokamilika inataka mabehewa 11 na vichwa vitatu. Panga rula zako 11 sakafuni, ongeza vichwa, unakaribia mita 4. Kwa N utapata mita 2, urefu wa kitanda. Kwa O ni karibu mita 7, yaani ukiiegesha nje itaipita Hiace ya daladala.

Na hiyo ni treni iliyosimama. Treni inataka pia pa kwenda. Kutoka Chicago hadi pwani ya Pasifiki kwa njia ile ni zaidi ya kilomita 4,000. Gawanya kwa 87, utahitaji kilomita 46 za reli, sawa na kutoka Posta ya Dar es Salaam uipite Kibaha. Mimi nina besimenti ya mita 7 kwa 4, na humo humo mna boila, mashine ya kufulia, na gunia la mchele ambalo mke wangu, Mama Salma, hataki liguswe.

Wataalamu husema upime chumba kwanza, ndipo uchague treni. Usithubutu. Anayepima chumba kwanza huishia kufuga samaki.

Hatua ya tatu: Nunua kichwa, mabehewa yatajileta

Anza na kichwa peke yake. Mwambie mwenzako, na ujiambie mwenyewe, kwamba ni pambo la kabati. Kichwa cha treni kabatini ni kama kola bila shati: baada ya wiki mbili hata anayekupinga ataona kuna kitu kinapungua.

Mabehewa huuzwa moja moja au kwa seti, na huuzwa kwa mafungu. Kiwanda hutoa toleo, likiisha kinanyamaza kwa miaka. Kwa hiyo utajifunza kuweka oda ya treni ambayo bado ni mchoro, ulipe, halafu usubiri. Niliwahi kusubiri behewa la chakula kwa miezi kumi na tisa. Lilipofika lilikuwa zuri kupita maelezo, ila magurudumu ya upande mmoja yalikuwa yametawanyika ndani ya boksi kama punje za mahindi. Kuhusu bei, nakushauri uache kuihesabu kwa dola. Ihesabu kwa kilo za nyama ya mbuzi, ndipo utaona aibu inayostahili.

Sasa tufike kwenye suala la kificho. Faida kubwa ya California Zephyr, nilidhani, ni kwamba mabehewa yote ni ya rangi ya fedha na yanafanana. Ukichomeka la tisa kati ya manane, nani atajua? Nilikula kwa siri hiyo miezi saba. Nilipokea vifurushi kwa anwani ya kazini, nikavishusha chini ndani ya mfuko wa mazoezi, hata nikasifiwa nyumbani kwamba siku hizi najali afya.

Jumamosi moja Mama Salma alishuka na kikapu cha nguo. Aliitazama treni kwa utulivu, kama askari wa barabarani anayetazama leseni, kisha akasema, “Baba Salma, Silver Lariat jana haikuwepo.”

Alikuwa anasoma majina. Yale majina madogo ubavuni, ambayo nililipia zaidi ili yasomeke vizuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha mabehewa huumbuliwa na maandishi ya kiwandani.

Hatua ya nne: Iheshimu kona

Treni hizi ziliumbwa kwa ajili ya tambarare za Nebraska. Hazikuumbiwa kuzunguka mashine ya kufulia. Reli zinazokuja na seti za kuanzia za HO huwa na kona ya nusukipenyo cha sentimita 46 hivi. Izidishe mara 87, utapata kona ya mita 40, ambayo hata dereva wa lori angeshuka kwanza aitazame. Behewa refu likiingia humo, tumbo lake linasukumwa ndani na ncha zake zinatoka nje, kama mgeni mnene anayejipenyeza kati ya meza za harusi huku akiomba radhi pande zote mbili.

Kwa mabehewa ya rula usikubali chini ya sentimita 61, na ukipata 76 au zaidi treni itakushukuru. Kona ya kulia isifuatane papo hapo na ya kushoto. Weka kipande kilichonyooka katikati, angalau urefu wa behewa moja. Kisha pitisha ukucha juu ya kila kiungio cha reli. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama, tofauti ni kwamba ukucha hauvuti wenzake kumi.

Nililijua hilo kwa njia ya kawaida, yaani kwa msiba. Usiku mmoja treni yangu nzima ilikuwa inakuja taratibu kutoka upande wa boila, taa za madirisha zimewaka, nami nimelala kifudifudi sakafuni ili macho yangu yawe sawa na dereva. Behewa la kwanza likapita mbele ya pua yangu. La pili, la tatu. La saba likainua mguu, ndiyo, kama mbwa kwenye nguzo, likaegemea nje, likafikiri, kisha likaanguka. La nane likalifuata kwa upendo. La tisa halikutaka kubaki peke yake. Vichwa, ambavyo havina habari na ya nyuma, viliendelea kuvuta mpaka kiungio kikaachia, vikaondoka vyepesi kuelekea California na mabehewa sita tu.

Nilichukua tochi nikachunguza ajali kama tume ya serikali. Nilipima reli, nikapima magurudumu, nikakagua viungio. Baada ya dakika arobaini nikakipata chanzo: punje moja ya wali wa pilau, imekauka, imejibana kati ya reli na taruma. Tume ilipendekeza kwamba mwenyekiti wa tume asile tena besimenti.

Hatua ya tano: Kubali kwamba umeme ni mwanafamilia

Umeme unapita kwenye reli, unapanda kupitia magurudumu, unaingia kwenye mota. Kila vumbi na kila alama ya kidole ni ukuta. Futa reli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti kidogo, kila baada ya siku chache za kuendesha. Utakuwa mtu pekee mtaani anayefuta kitu asichokalia wala kukilia.

Ukinunua mfumo wa kidijitali, ule wa DCC, kila kichwa kina kifaa ndani kinachosikiliza namba yake tu, hivyo unaweza kukiamrisha kimoja huku kingine kimelala. Jambo ambalo dukani hawalitaji ni kwamba vichwa hivyo kwa kawaida hutoka kiwandani vyote vikiwa namba 3. Usiku wa kwanza niliweka vichwa viwili relini, kimoja kikitazama mashariki na kingine magharibi, nikaita namba 3. Ni kama kusimama Kariakoo ukaita “Juma!” Viliitika vyote, kwa bidii, vikakutana karibu na gunia la mchele.

Kisha kuna shoti. Chochote cha chuma kikilala juu ya reli zote mbili, mfumo mzima unazima: bisibisi, sarafu, bangili ya mtoto. Ikikutokea usijidharau. Katika ile safari maarufu ya 1934, waya mmoja ulibanwa na mlango, shoti yake ikaunguza waya wa kuwashia injini, na Zephyr yenyewe ikazima njiani. Fundi mmoja alishikanisha ncha za waya kwa mikono mitupu ili injini iwake tena, na ikawaka, naye akaungua. Kwa hiyo kila nikiuchomoa mkono relini huku nikipuliza vidole, nakumbuka kwamba mila ninayoiendeleza ina mizizi. Punda hakudhurika.

Hatua ya sita: Mkaribishe mhesabu ribiti

Punde si punde utatembelewa na mhesabu ribiti. Huyu ni mtu, mara nyingi mstaafu, anayejua treni halisi ilikuwa na ribiti ngapi, zile pini za kuunganishia mabati, na atahesabu za kwako huku akinywa chai yako. Wa kwangu ni jirani wa nyumba ya tatu, mzee mpole wa Kimarekani anayevaa miwani miwili, mmoja wa kuonea na mwingine wa kulaumia.

Nilidhani nimemkomoa. Mabehewa ya California Zephyr yalijengwa na Budd, na Budd waliunganisha chuma chao kwa kukilehemu kwa umeme, nukta kwa nukta. Ribiti hazionekani. Nikamwambia, mzee, leo hakuna cha kuhesabu. Akatabasamu, akabadilisha miwani, akaanza kuhesabu mifuo ya bati ubavuni.

Mifuo ilikuwa sawa. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kwa nini pazia la dirisha la tatu limefungwa. Kwa ratiba ile, alinieleza kwa huruma, saa hiyo treni ingekuwa inafuata mto Colorado, na hakuna abiria mwenye akili timamu angefunga pazia. Niliomba radhi kwa niaba ya abiria. Usibishane na mhesabu ribiti. Mwongezee chai na kaimati. Akiwa anatafuna hawezi kuhesabu kwa sauti.

Hatua ya saba: Watafutie abiria

Mabehewa mengi huja matupu, na abiria huuzwa peke yao, wakiwa wadogo kama njugu, wamekwisha kupakwa rangi ya suti na kofia. Jambo la kusikitisha ni kwamba viti vya modeli mara nyingi havina nafasi ya miguu, hivyo itakubidi uikate. Ndiyo, kwa kiwembe, mmoja baada ya mwingine, kisha uwagundishe kwenye viti wakitazama mandhari. Mwanangu Salma alinikuta katikati ya shughuli hiyo, akanitazama, akapanda ngazi kurudi juu bila kusema neno. Hatujalizungumzia tena.

Ukiishiwa hela za abiria una kisingizio cha kihistoria. Magari, barabara kuu mpya na ndege za jeti ziliwachukua wasafiri, na mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni za reli zilikuwa zikililia hasara. California Zephyr ilifutwa, na mwaka mmoja baadaye, Mei 1971, shirika la Amtrak likakabidhiwa treni nyingi kati ya zilizosalia. Kwa hiyo mgeni akiuliza mbona behewa lako ni tupu, mjibu kwa uso mkavu kwamba unaonyesha mwaka 1969. Huzuni hiyo ni ya bure na inapendeza sana taa zikizimwa.

Mimi nilikuwa nimewakata miguu hamsini na saba, wamebaki watatu, pale mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Tabora. Sasa Tabora si mahali pa kuleta mzaha wa treni. Ni mji wa njia panda, ambako treni ya Reli ya Kati hukatwa vipande, mabehewa ya Mwanza yakaenda kwake na ya Kigoma kwake, na mtoto wa hapo hujua sauti ya behewa kabla ya kujua hesabu. Nilimshusha besimenti, nikamwekea kiti, nikawasha taa za madirisha, nikaita namba niliyoipa treni yangu baada ya kujifunza adabu. Ilipita mara tatu bila kosa. Pumzi zangu zote nilizibana.

“Mwanangu,” akasema, “hii inakwenda wapi?”

“San Francisco, Mama.”

“Mbona imerudi?”

Nikamweleza mambo ya nafasi. Akaelewa, au alinionea huruma. Mzunguko wa nne ulipopita akauliza tena, “Na haisimami?”

“Ni treni ya haraka, Mama.”

“Sasa wauza karanga watauza saa ngapi?”

Nikamwonyesha behewa la chakula, vitambaa vyeupe mezani, vikombe vidogo kuliko punje ya mtama. Nikamwambia pia kwamba madirisha hayafunguki kwa sababu ndani mna kiyoyozi. Mama alitikisa kichwa polepole. Dirisha lisilofunguka, asali utapokelea wapi? Mtu atoke Chicago mpaka huko baharini asinunue hata muwa? Akauliza hawa abiria wamefanya kosa gani.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini nikakuta bibi na mjukuu wameshirikiana. Katikati ya Colorado, kati ya milima niliyoipaka rangi kwa miezi minne nikiifananisha na picha za wakati ule, palisimama stesheni iliyotengenezwa kwa boksi la majani ya chai. Wale abiria watatu waliokuwa wamebaki na miguu walikuwa wamepona: walisimama jukwaani na vipande vya kijiti vichwani, ndizo sinia za karanga. Juu yao kulikuwa na kibao cha kadi, kimeandikwa kwa kalamu ya Salma: TABORA.

Nilikusudia kukiondoa. Lakini jioni hiyo nilisimamisha treni pale dakika mbili, kwa majaribio tu, na Mama akasogeza kiti mbele. Tangu siku hiyo ratiba imebadilika. California Zephyr yangu husimama Tabora kila jioni, na ikichelewa kuondoka hakuna anayeuliza, maana ndiyo desturi ya hapo.

Jirani alipokuja Jumapili, nilimwona akisimama mbele ya kibao kile. Akainama. Akabadilisha miwani. Nikasikia moyo unanidunda, nikaandaa sahani ya kaimati. Baada ya muda mrefu alinyoosha kidole akasema kwa upole kwamba herufi ya B imeinama kidogo kushoto.

Mama, ambaye hajui Kiingereza, alinivuta shati. “Mwambie mzee huyo arudi nyuma,” akasema. “Treni inaingia.”